Kuhesabiwa Bila Kaka

Basi letu liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimechagua kiti cha dirishani upande wa kulia. Ukienda Moshi, milima iko upande huo karibu njia nzima: Usambara, kisha Upare, na mwisho Mlima wenyewe, Kilimanjaro. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha hivyo tukiwa watoto, na alipopata gari akawa ananikalisha nyuma yake kila Desemba ili nione vizuri. Kaka alifariki mwezi wa Mei. Hii ilikuwa Desemba ya kwanza ninapanda bila yeye.

Watu wa Dar wana utani wao kwamba Wachagga mwisho wa mwaka tunakwenda "kuhesabiwa". Nimeusikia tangu shule ya msingi na siku zote nilicheka. Safari hii jirani yangu wa Tabata aliponiuliza kama nakwenda kuhesabiwa, nilitikisa kichwa tu, maana niliwaza ile hesabu itakavyokuwa.

Chalinze, Segera, mashamba ya mkonge ya Korogwe, vyote vilipita nikiwa nusu usingizini. Mombo tukashuka kula. Kaka alikuwa hapiti Mombo bila kununua karoti na plamu za Lushoto, nami nikajikuta nimenunua mfuko mzima, nikaubeba mapajani hadi mwisho wa safari. Kutoka hapo nchi inakauka. Mibuyu, vumbi, mbuzi wanaotafuta kivuli.

Baada ya Mwanga mlima ulifunguka. Kibo yote, theluji juu, na Mawenzi pembeni yake. Zamani nikichoka na safari, kaka alinihadithia jinsi Mawenzi alivyokuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, akipewa na chakula, akirudi tena kudai moto umezimika njiani, mpaka Kibo akachoka akamshushia kipigo. Ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechongokachongoka hadi leo. Tukiwa bado mbali, Mawenzi wa kaka alirudi kuomba moto mara saba. Tukiwa tumekaribia Himo, mara mbili tu, ili hadithi iishe pamoja na njia. Nilitazama dirishani nikaihesabu peke yangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, machozi yakanitoka. Mama niliyekaa naye hakuniuliza kitu. Alinipa kitambaa chake cha khanga.

Novemba ya mwaka uliotangulia kaka alinipigia simu. "Uje mapema mdogo wangu," alisema. "Nataka nikuonyeshe makaburi yote, moja moja. Baba alinionyesha mimi, na wewe sasa ni mtu mzima." Nikamjibu kazi zimebana, nitakuja mwakani. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Mwakani nilikwenda kweli, mwezi wa Mei, kumzika.

Asiyezaliwa kwetu inabidi aelezwe jambo hili. Sisi tunazika nyumbani, ndani ya kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Makaburi ya karibuni yana saruji, msalaba na jina. Ya zamani hayana kitu zaidi ya isale, ule mmea wa majani marefu usiokufa hovyo. Lakini isale hilohilo ndilo tunalopanda mpakani mwa shamba. Kwa hiyo mgeni akiingia kihambani kwetu anaona masale tu, hajui lipi ni mpaka na lipi ni mtu. Lazima uonyeshwe. Na aliyeonyeshwa alikuwa kaka.

Nilishukia Kiboriloni. Soko lilikuwa limefurika, mitumba hadi barabarani, watu wa Desemba wakipatana bei. Nikapata gari la kupanda Old Moshi. Dereva alipofika Tsudunyi nilimwomba anishushe hapo, niende kwa miguu kipande kilichobaki, kwa sababu hapo ndipo ulipo mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, chifu wa huku kwetu, tarehe 2 Machi 1900. Kaka hakuwa anapita bila kusimama. Kichwa cha Mangi inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amekidai kwa miaka mingi mno. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelitambua fuvu la Akida, mshauri wa Meli, kuwa ni la ukoo ulioko huku kwetu; la Mangi mwenyewe halikupatikana. Nilipokuwa kijana niliona ni habari za historia, za watu wa makumbusho. Siku ile, nimesimama na mfuko wa plamu mkononi, nilimwelewa yule mjukuu. Anataka tu kujua mtu wake yuko wapi.

Shangazi alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika uso kwa mikono yote miwili bila kusema. Ndani kulikuwa na mtori na mbege ya siku ile. Kabla sijala nilimweleza lililonileta: kwamba nilimkatalia kaka, na sijui nimwombe nani radhi.

Kwetu aliyekosa huchukua isale akampelekea aliyemkosea, na anayepelekewa isale hapaswi kukataa kusamehe. "Lakini yeye hawezi kupokea, shangazi."

Alifikiri kidogo. "Mwanawe yupo," akasema.

Kijana ana miaka kumi na mmoja. Nilikata isale mpakani, nikampelekea kwa mikono miwili pale alipokuwa akikatia ng'ombe majani, nikamwambia kosa langu lote kama ninavyoliandika hapa. Alisikiliza kwa makini, akaweka panga chini, akapokea. "Aika, baba mdogo," alinishukuru. Halafu akauliza: "Tukalipande kwa baba?"

Tulilipanda kichwani mwa kaburi, udongo ukiwa bado haujashikana vizuri. Shangazi, anayeimba kwaya ya kanisa tangu ujana wake, alikuja na kata akamwaga mbege kidogo pembeni, akasali Baba Yetu. Nilidhani tumemaliza. Kijana akapangusa mikono akanitazama.

"Njoo nikuonyeshe wengine."

Nilimuuliza wengine gani.

"Wote. Baba alinionyesha Krismasi ile ambayo hukuja. Alisema wewe umechelewa, basi nikutunzie."

Nilikaa chini pale pale. Shangazi aliniacha nilie mpaka nikatosheka, kisha akaninyanyua.

Tulianzia nyuma ya zizi. Huyu ni babu aliyechimba mfongo unaoleta maji mpaka leo. Huyu ni mke wake, alitoka Mbokomu. Hapa, kwenye masale mawili yaliyokaribiana, ni mapacha, walikufa wachanga na hawakupewa majina. Lile kule siyo mtu, ni mpaka. Huyu alikwenda vitani akarudi na mguu mmoja. Nilitoa simu niandike, kijana akanizuia mkono kwa upole kabisa.

"Baba alisema usiandike. Sema."

Akanirudisha nyuma ya zizi, kwenye lile la kwanza.

"Haya, baba mdogo. Huyu ni nani?"