Kioo kilichogeuka ukuta

Programu ya usanifu, ile inayogeuza michoro ya nyumba kuwa picha, imepandishwa toleo leo asubuhi, na picha ya kwanza ya sebule ikatoka giza tupu. Jua la kwenye mchoro liko palepale, kamera ileile.

Kosa liko kwenye vioo vya madirisha. Faili la zamani likifunguliwa kwenye toleo jipya, baadhi ya nyenzo, yaani mipangilio ya sura ya vitu kama kioo au mbao, huweza kupoteza uwazi wake.

Kinachodanganya ni kwamba ukiwa unachora, kioo bado kinaonekana chepesi, cha bluu. Kwenye picha iliyotoka, tazama kivuli chake sakafuni. Kikiwa cheusi ti, mwanga haupiti. Rekebisha uwazi, kisha jaribu tena.

Picha ya kujaribia iwe ya pikseli 960 kwa 540. Hiyo ni robo ya pikseli za picha ya 1920 kwa 1080, na muda wa kuitoa nao hushuka hadi karibu robo. Sampuli (mara ambazo programu hupima mwanga) 64 kwa kila pikseli zinatosha kupima mwanga na pembe ya kamera.

Chengachenga, zile nukta nukta kwenye picha, zikibaki, usikimbilie kuongeza sampuli: kuzipunguza kwa nusu tu kunadai sampuli mara 4. Kisafishaji cha programu huzifuta upesi, ila hufuta pia nyuzi za zulia na mistari ya mbao, zulia likawa kama plastiki. Inauma kuona hivyo.

Ikienda polepole kuliko zamani, angalia draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Ikiwa imepitwa na wakati, kazi yote huweza kuangukia prosesa kuu ya kompyuta, ambayo kwa kazi hii huwa polepole zaidi.

Wenzangu, kwenu ni nyenzo gani huharibika kwanza mkibadilisha toleo?