Ishirini

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka miwili kazini, wodi ya wazazi, katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Usiku tulikuwa wawili tu: mimi mkunga, na mama mmoja mhudumu aliyeanza kazi pale mimi nikiwa bado shule ya msingi. Zamu ile nilikabidhiwa wazazi 31, wengine wakilala wawili wawili kitandani, na mmoja wa kuangaliwa kwa karibu: binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, kifafa cha mimba.

Aliletwa asubuhi kwa pikipiki, amebanwa katikati, mumewe nyuma akimshikilia asidondoke. Degedege lilishampata mara mbili nyumbani, la tatu likampatia mapokezi. Akaanzishiwa magnesiamu, na saa 10 jioni akajifungua salama, mtoto wa kiume.

Magnesiamu ndiyo inayozuia degedege lisirudi. Tunachoma gramu 5 kila baada ya saa 4, tako la kulia, kisha la kushoto, mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho. Kuitoa mwilini ni kazi ya figo. Figo zikigoma, dawa inajikusanya na kulegeza misuli: kwanza ukigonga goti haliruki, mwisho kifua nacho kinaacha kupanda. Kwa hiyo kabla ya kila dozi unaangalia mambo matatu. Goti liruke, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nilikuwa nayajua kama Baba Yetu.

Saa 4 usiku dozi ilipofika, chumba cha kujifungulia kulikuwa na mtu anasukuma na mwingine ananiita. Nikamchungulia binti, amelala. Nikamchoma. Kwenye chati, safu ya pumzi, wenzangu walikuwa wameandika: saa 8 mchana 20, saa 12 jioni 20. Nami nikaandika 20. Sikuhesabu. Aliyewahi kufanya kazi wodini anaijua ishirini hiyo. Haiko juu, haiko chini, na hakuna daktari atakayesimama kuiuliza swali.

Tena kuna kitu nilikiona nikakipita. Sindano ya magnesiamu inauma. Hata tukiichanganya na lignokeini, dawa ya ganzi, mwanamke hujikunja na wengine hututukana. Yule hakushtuka hata kidogo. Nikashukuru kwamba leo nimepata mgonjwa mvumilivu.

Saa 8 usiku nilirudi na bomba langu limeshajaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa chini kwenye kanga, akainuka.

"Sista, samahani. Nimempa maji, yanatoka pembeni ya mdomo."

"Amechoka, mama. Mwache alale."

Nilisema hivyo kweli. Nikainama kutafuta mahali pa kuchoma, na mguu wangu ukagusa mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia pale kitandani. Ulikuwa mwepesi. Nikaumulika kwa tochi ya simu: kama mililita 60, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Niliumwaga mwenyewe saa 2 nilipoingia zamu. Muda wa saa 6, mililita 60. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Nikaweka bomba chini. Nikamgonga goti kwa ukingo wa stethoskopu. Kimya. Nikahamia la pili, nikarudia la kwanza. Kisha nikamwekea mkono kifuani, nikahesabu dakika nzima, saa ya mkononi mbele ya macho, mama mkwe akinishikia tochi. Kumi na moja.

Hofu yangu, nikiwa mkweli, haikuwa hiyo kumi na moja. Niliogopa kuacha dozi. Maandishi ya daktari yalisema kila saa 4. Nikiacha kuichoma na degedege likarudi, kosa ni langu, lina jina na saini. Nikichoma akaacha kupumua, nilifuata maagizo. Nilisimama pale na mawazo hayo kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Halafu nikampigia daktari wa zamu.

"Dozi ya saa 8 sijatoa."

"Kwa nini? Akianguka tena utajibu nini?"

"Goti haliruki. Pumzi 11. Mkojo 60 tangu saa 2."

Akanyamaza. Nikasikia anatafuta viatu.

"Saa 4 pumzi zilikuwa ngapi?"

"Zimeandikwa 20," nikasema.

"Anza kalisiamu. Nakuja."

Kalisiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, ilikuwa kwenye sanduku la dharura, mililita 10, gramu 1. Niliisukuma mshipani polepole, na mhudumu wangu tayari ameshafika na ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi, bila kuitwa. Yule mama hakusomea uuguzi lakini miguu ya muuguzi aliyeshikwa na hofu aliijua kwa mlio. Pumzi zilishuka mpaka 8. Tukamsaidia kwa ambu, tukipokezana, mpaka daktari alipoingia na matope hadi magotini. Hakunigombeza. Tukahesabu pamoja. Kumi na mbili. Baadaye 14. Kila robo saa niligonga goti lilelile, na kuelekea saa 11 alfajiri likaruka kidogo, kama samaki anayekaribia kukata roho. Degedege halikurudi.

Asubuhi kwenye ripoti daktari akanisifu mbele ya metroni, kwamba huyu ameangalia mgonjwa, hakuangalia saa. Chati ikapita mkono kwa mkono, na safu ile ikaonekana kwa wote: 20, 20, 20, 11. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu anashuka ghafla hivyo. Nami sikusema.

Kabla sijaondoka nilipita kitandani. Alikuwa amekaa, mama mkwe akimnywesha uji, mtoto kalala pembeni.

"Sista," akaniuliza, sauti bado nzito, "hivi goti hili nilianguka nalo? Linauma sana."

Nikamwambia ndiyo, huenda aliliangukia kule nyumbani.