Kioo kile kile, kemikali imehamia nje

Wiki hii nimesplaisi faiba, yaani kuunganisha zile nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, siku nne mfululizo, na kila nikifika kwenye kiuzi chenyewe nawaza kesi ya zamani ya kampuni mbili, Corning na Sumitomo, waliogombania patenti (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kiuzi hicho. Wale wa kazi hii mnajua, unachana koti la nje, unavua kitubu, unapangusa jeli, unaingiza slivu (kifuniko cha kulinda kiungo) mapema kabla hujaunganisha, halafu unakwangua plastiki ya mwisho unabaki na kioo cha maikroni 125 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Wengi wanadhani hapo tumemaliza nguo zote. Bado, maana hicho kioo nacho ni viwili, kiini cha ndani ambacho kwa singomodi, faiba inayopitisha mwanga kwa njia moja tu, ni kama maikroni 9 tu na koti la kioo linalokizunguka, na mwanga haukimbii nje kwa sababu kiini kinaupinda zaidi kuliko hilo koti.

Corning ya Marekani ndio walifanikisha faiba ya namna hiyo ya silika inayobeba mwanga mbali mwaka 1970, wanasayansi wao Maurer, Keck na Schultz, walitia titani kwenye kiini cha silika ili kipinde mwanga zaidi. Patenti yao ikatoka 1972, ikaandika wazi kwamba kiini kiwe na kemikali ya kuongezwa nyingi kuliko koti.

Sasa Sumitomo ya Japani wakaja na faiba ambayo kiini hakijatiwa kitu, ila koti limetiwa florini inayoshusha uwezo wake wa kupinda mwanga. Wakasema sisi hatujagusa patenti, someni maneno yenu wenyewe.

Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa upande wa Sumitomo kabisa, maana patenti ni maneno, na wakati Corning wanagundua hakuna aliyejua kwamba florini inaweza kufanya hivyo, sasa unamdai vipi mtu kitu ambacho hata wewe hukukijua? Lakini fikiria nyumba, unataka maji ya mvua yasiingie ndani, unaweza kupandisha sakafu au ukachimba ua ushuke, vyovyote vile kilichokusaidia ni ile tofauti ya kimo. Aliyegundua kwamba tofauti ile kwenye silika ndio inabeba mwanga kilomita nyingi ni Corning, na Sumitomo walichukua hiyo hiyo wakaipatia upande wa pili.

Jaji Conner kule New York alisema hivyo 1987, kwamba kazi ni ile ile, njia kimsingi ni ile ile na matokeo ni yale yale, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye 1989. Sumitomo wakalipa dola milioni 25.

Jana kwenye skrini ya mashine ya kusplaisi nilikuza picha hadi mwisho, ule mstari mwembamba wa katikati ukaonekana umenyooka kutoka faiba moja hadi nyingine, nikauangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.