Uzoefu wangu na mtoto wa jicho: kuanzia kipimo cha lenzi hadi tone la mwisho

Kazi yangu ni uuguzi wa macho. Napima jicho kabla ya upasuaji, nasimama pembeni ya daktari wakati wa upasuaji, kisha namfundisha mgonjwa kujiwekea dawa. Wagonjwa wawili wakifanyiwa upasuaji na daktari mmoja siku moja, mmoja akatoka anaona vizuri na mwingine akabaki na malalamiko, mara nyingi sababu naikuta kwenye kipimo kilichochukuliwa vibaya au kwenye chupa ya matone.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Wengi wanaokuja wakisema wana mtoto wa jicho huonyesha kile kinyama kinachotambaa juu ya jicho kutokea kona ya pua. Hicho ni kitu kingine. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya tundu jeusi la mboni, na si kitu kilichoota: ni lenzi ya mtu mwenyewe iliyopoteza uangavu. Ina upana wa milimita 9 hadi 10 na unene wa milimita 4 hivi, na karibu theluthi yake ni protini zilizopangika vizuri kiasi kwamba mwanga unapita bila kizuizi. Protini hizo zikiharibika na kushikamana, hufanya kama ute wa yai uliopata moto. Ute ukishakuwa mweupe haurudi kuwa maji, na ndiyo maana hakuna tone wala kidonge kinachomsafisha mtoto wa jicho. Anayekuuzia dawa ya kumyeyusha anakupotezea muda, na kama ni dawa ya kutia jichoni anaweza kukuharibia konea pia, yaani kioo cha mbele cha jicho.

Ukungu ulipoanzia ndipo panapoeleza malalamiko ya mgonjwa. Ukianzia kwenye kiini, lenzi inageuka njano, baadaye kahawia, na inazidi kuupinda mwanga. Mzee aliyekuwa hasomi bila miwani ghafla anasoma bila miwani, anafurahi, kumbe huko mbali ndiko kunakofifia. Ukianzia pembeni unaingia kama spoku za baiskeli, na taa za magari usiku zinamtawanyikia machoni. Ukikaa mgongoni mwa lenzi, mgonjwa anaona nafuu kwenye kivuli kuliko juani, kwa sababu jua linabana mboni na mwanga wote unalazimika kupita kwenye doa. Aina hii ya mwisho naikuta sana kwa waliotumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) muda mrefu na wenye kisukari, na huenda kasi.

Bado kuna watu wanaoambiwa wasubiri "aive". Ushauri huo ni wa enzi ambazo lenzi ilitolewa nzima kwa tundu kubwa. Kiini kikishakuwa kigumu, kinahitaji nguvu nyingi kukivunja, na nguvu hiyo inaua chembe za ndani ya konea, ambazo mwili hautengenezi nyingine. Aliyeiva kupita kiasi anaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu na kuuma vibaya. Hapo imeshakuwa dharura. Mimi huuliza swali moja: kazi gani unashindwa kuifanya kwa sababu ya jicho hili? Jibu likiwa la kweli, wakati umefika.

Kabla ya kupima lenzi bandia itakayochukua nafasi ya ile iliyoharibika, nahakikisha mtoto wa jicho ndiye mkosaji peke yake. Tochi inatosha kuanzia. Naiwasha juu, chini, kushoto na kulia, mgonjwa anaonyesha mwanga unatoka wapi. Hata lenzi iwe nyeupe pe, jicho lenye retina nzima, yaani ile sehemu ya nyuma inayopokea mwanga, linajua mwanga unatoka upande gani. Asipojua, au mboni ikilegea badala ya kubana ninapohamisha tochi kutoka jicho moja kwenda jingine, shida ipo nyuma, kwenye retina au mshipa wa fahamu. Huyo daktari anaongea naye kwa uwazi kabla ya kumshika, asije akatarajia ambacho upasuaji hautampa. Nabonyeza pia kona ya ndani ya jicho. Usaha ukirudi kupitia tundu la machozi, upasuaji unaahirishwa, kwani vijidudu vya usaha huo vina njia fupi ya kuingia ndani. Kope zenye magamba nazo hutibiwa kwanza.

Swali jingine wengi hulisahau: unatumia dawa ya tezi dume? Tamsulosini inalegeza msuli wa mboni. Katikati ya upasuaji mboni inajifunga na ngozi yenye rangi inayoizunguka inapepea kama kitambaa chenye maji. Kuiacha dawa siku chache kabla hakusaidii, athari inabaki. Kinachosaidia ni daktari kujua mapema, aandae vishikizi vya mboni.

Sasa kipimo, na hapa nitakaa kidogo. Lenzi bandia ina nguvu maalumu, na nguvu hiyo inakokotolewa kwa vitu viwili vikuu: mviringo wa konea na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu mzima lina wastani wa milimita 23.5, na lenzi bandia yake huangukia karibu na dayopta 21 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Kosa la milimita moja kwenye urefu huleta kosa la dayopta 2.5 hadi 3 kwenye uonaji, yaani mtu anatoka akihitaji miwani mizito aliyodhani ameagana nayo.

Konea naipima kwanza, kabla jicho halijaguswa na chochote, hata tone la ganzi, kwa kuwa ganzi inakausha uso wake na namba zinayumba. Anayevaa lenzi za kubandika huwa nimeshamwambia azivue mapema: laini angalau wiki moja, ngumu wiki kadhaa. Urefu wa jicho, kama lenzi bado inapitisha mwanga, unapimwa kwa mashine isiyogusa jicho. Lenzi ikiwa nyeupe kabisa mwanga haupenyi, narudi kwenye mawimbi ya sauti, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Ncha ya kifaa inagusa konea. Ukiikandamiza kidogo tu, jicho linafupika, mashine inaamini ni jicho fupi, inapendekeza lenzi kali kupita kiasi, na mgonjwa anaishia kuona karibu huku mbali kukiwa na ukungu.

Dalili ya kukandamiza ipo kwenye skrini. Naangalia kina cha chumba cha mbele cha jicho, yaani nafasi kati ya konea na lenzi. Kama usomaji mmoja unasema milimita 3.1 na unaofuata 2.8, sikupima jicho, nilipima mkono wangu. Naufuta. Naangalia pia vilele vya mwangwi: cha konea, viwili vya lenzi, na cha retina kinachopaswa kusimama wima, kisichopanda kwa ngazi. Nachukua usomaji kumi na kubakiza inayokaribiana. Macho yote mawili hupimwa hata kama linapasuliwa moja, na urefu ukipishana zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana, naanza upya au namwita mwenzangu apime bila kumwonyesha namba zangu. Mwenye jicho lililowahi kurekebishwa konea kwa leza anatengwa kabisa: kanuni za kawaida za hesabu zinamdanganya, anahitaji kanuni zake.

Lenzi ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja tu. Ikipangwa kwa mbali, miwani ya kusomea itabaki, na hili nalisema kabla, wala si baada, maana likisemwa baada linasikika kama kisingizio. Zipo lenzi za kuona mbali na karibu pamoja, lakini huleta duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na mwenye ugonjwa wa retina simshauri.

Siku moja kabla, namlaza mgonjwa chali na kitambaa usoni kwa dakika kumi. Inaonekana mchezo, lakini hapo ndipo unapogundua mwenye kikohozi, asiyeweza kulala bila mito mitatu, na anayepatwa na hofu akifunikwa. Ni heri kumjua leo kuliko kesho kifaa kikiwa ndani ya jicho.

Mezani, kitu kimoja sikubali kikatishwe: povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu. Ya asilimia 10 kwenye ngozi na kope, ya asilimia 5 tone ndani ya jicho, kisha saa inasubiriwa dakika tatu kamili. Ganzi huwa ya matone au ya sindano pembeni ya jicho. Mgonjwa yuko macho, anasikia, haumwi, ila ataona mwanga na kuhisi maji.

Kuna njia mbili za kutoa lenzi zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni mashine ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, aliyoianzisha Charles Kelman mwaka 1967 baada ya kuvutiwa na kifaa cha daktari wake wa meno. Mlango wake ni wa milimita 2.2 hadi 2.8. Ya pili inachonga njia ya mteremko kwenye sehemu nyeupe ya jicho, milimita 6 hadi 7, na kiini kinatoka kizima. Mteremko huo unajifunga wenyewe kwa presha ya jicho, hauhitaji uzi. Kwa lenzi ngumu ya kahawia, njia ya pili ikiwa kwenye mkono mzoefu haina cha kuionea haya mashine.

Hatua inayobeba zote ni kuchana utando wa mbele wa kifuko cha lenzi kwa duara la milimita 5 hivi. Ukitazama kwenye darubini, daktari anashika ncha ya utando kwa koleo jembamba na kuizungusha taratibu, akiachia na kushika tena kila robo ya mzunguko. Duara likikimbilia pembeni, mpasuko unaweza kuzunguka hadi nyuma. Utando wa nyuma haufikii hata unene wa milimita 0.01, nao ukipasuka ute wa jicho unakuja mbele na vipande vya lenzi vinaweza kuzama kwenye retina. Kwa hiyo mimi huweka lenzi ya akiba tayari kabla ya kuanza, aina inayokaa mbele ya kifuko, na nguvu yake imeshapunguzwa kwa nusu dayopta hadi dayopta moja kwa sababu imesogea mbele. Kukokotoa hesabu hiyo wakati daktari anasubiri ndiko kunakoleta lenzi isiyo sahihi.

Lenzi bandia ikishakaa, antibayotiki huingizwa ndani ya jicho. Sefuroksimu miligramu 1 kwenye mililita 0.1 ni kipimo kidogo kinachohitaji uchanganyaji makini, kwa kuwa kosa la nukta kwenye hesabu hufika moja kwa moja kwenye retina. Tunahesabu wawili.

Matone nayafundisha kabla ya upasuaji, wakati mgonjwa bado hana kitambaa jichoni, na namtaka ajaribu mbele yangu kwa machozi ya bandia. Osha mikono. Tikisa chupa kama dawa ni nyeupe kama maziwa, la sivyo dawa inabaki chini na unajitilia maji. Lala au inua uso, vuta kope ya chini mpaka ifanye mfuko, shika chupa sentimita mbili juu bila kugusa chochote, angusha tone moja. Tone lina maikrolita 40 hivi na mfuko wa kope haubebi zaidi ya 30, kwa hiyo la pili linaishia shavuni. Funga jicho polepole bila kulikamua, bonyeza kona ya pua dakika moja au mbili, subiri dakika tano kabla ya dawa nyingine. Mwenye mkono unaotetemeka auegemeze kwenye paji la uso.

Antibayotiki huisha baada ya wiki moja au mbili. Steroidi ndiyo inayokosewa: hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki nne hivi. Anayeiacha ghafla kwa kuwa jicho limetulia hurudi na wekundu na kuumizwa na mwanga, na anayeendelea nayo kiholela huipandisha presha ya jicho. Namwandikia ratiba yenye tarehe, si maneno "punguza taratibu". Kinga ya plastiki usiku, hakuna kusugua, hakuna maji ya bomba jichoni wiki za mwanzo.

Jicho linapaswa kuwa bora kila siku. Likianza kuuma zaidi, kuwa jekundu zaidi, au uonaji ukashuka baada ya kuwa umepanda, hasa wiki ya kwanza, ni kurudi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Maambukizi ya ndani ni nadra, lakini huhesabiwa kwa saa. Cheche pembeni, vidoa vingi vipya au pazia linaloshuka ni retina, nayo haingoji pia.

Miwani napima baada ya wiki nne hadi sita, konea ikishatulia. Miezi au miaka baadaye mgonjwa anaweza kurudi akisema mtoto wa jicho amerudi. Hawezi, lenzi imeshatoka. Ni utando wa nyuma wa kifuko umeota ukungu, na leza inautoboa kwa dakika chache bila kisu. Kwa jicho la pili, natoa kwanza faili la jicho la kwanza: nguvu ya lenzi iliyowekwa, namba ya miwani iliyotarajiwa, na namba ya miwani aliyoishia nayo. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho naiandika juu ya karatasi ya kipimo kipya, ndipo naanza kupima.