Teke la bunduki lianze kupunguzwa kwenye risasi

Wamiliki kadhaa wa shotgani zenye leseni hapa Mwanza, hasa wenye mashamba upande wa Misungwi wanaosumbuliwa na ngedere, wameniuliza wafunge kifaa gani ili bunduki isiwapige teke. Ninawasihi waanze na risasi wanazonunua.

Chukua risasi ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye gramu 32 za marisau, yaani punje ndogo za ndani yake, yanayotoka kwa kasi ya takribani mita 400 kwa sekunde. Bunduki ya kilo 3.2 itarudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, mbali na msukumo wa gesi ya baruti, na bega litapokea nishati ya kama jouli 26. Ukitumia bunduki ya kilo 4, zinabaki jouli 20 hivi. Lakini ukibadilisha risasi tu, ukachukua ya gramu 28 yenye kasi ileile, unafika palepale bila kubeba gramu 800 za ziada kutwa nzima juani.

Kuruka kwa mtutu ni suala jingine. Mtutu hukaa juu kuliko pale kitako kinapogusa bega, kwa hiyo msukumo huizungusha bunduki na kuinua mdomo wake. Ndiyo maana katika shotgani yenye mitutu miwili iliyopandana, kwa kawaida hufyatuliwa kwanza wa chini, ulio karibu zaidi na usawa wa bega. Vipo pia vifaa vya mdomoni vinavyoielekeza gesi, kama kile cha bunduki ya kivita ya AKM kilichokatwa mshazari, lakini vile vinavyoitupa gesi pembeni na nyuma huumiza masikio ya mpigaji na ya aliye jirani yake. Mkulima simshauri avitumie.

Kinachobaki ni kitako, nacho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kikae kwenye kishimo kilicho chini ya mtulinga, kikibanwa imara, shavu likigusa mbao na mwili ukiegemea mbele kidogo. Kikiachwa mbali na bega hata kwa upana wa kidole, bunduki hushika kasi kabla ya kugonga, na hapo ndipo nyama huvilia damu. Mpira wa kitakoni husaidia sana, ila huongeza urefu, hivyo mtu mwenye mikono mifupi amwombe fundi mwenye leseni apunguze mbao kwanza, kwa unene uleule wa mpira, ndipo aufunge.