Saa ya Kompyuta Iliyorudi Nyuma Kila Ilipokosa Umeme
Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikiwaka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kwa sababu hiyo kivinjari kilikataa kufungua tovuti nyingi, kikidai kwamba vyeti vya usalama vya tovuti hizo bado havijaanza kutumika. Kurekebisha saa kwenye mipangilio kulisaidia mpaka waya wa umeme ulipochomolewa tena, jambo lililonifanya niishuku betri ya bodi kuu, ile ndogo ya duara iitwayo CR2032, yenye volti 3, ambayo huiendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Nilichomoa waya, nikasukuma kishikizo kwa ukucha betri ikaruka nje, nikaweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu, kisha nikapanga tarehe kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya bodi kuu inayoanza kabla ya mfumo wa kompyuta. Tovuti zilifunguka zote.