Siku moja na ndege ambaye Mikindani hayupo

Saa 11:30 alfajiri. Mikindani bado giza, ila wavuvi wameshaanza kuitana ufukweni. Nakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, nabeba begi. Leo limevimba kwa sababu ndani kuna mdomo wa ndege, wa mti. Alinichongea fundi wa vinyago wa jirani, Mmakonde aliyezoea mpingo. Nilipomwomba atumie msufi ili watoto waweze kuubeba, alinitazama kwa huruma.

Saa 1:30, mstari. Halafu hisabati na madaftari ya kusahihisha mpaka wakati wa uji. Hapo sina la kusimulia.

Saa 4:40, Sayansi, darasa la nne. Natoa mdomo begini na darasa linalipuka. Sentimita 24, umevimba kama mtalawanda, kile kiatu cha mti, nchani una ndoano. Nawaambia ni wa korongo-nyangumi, ndege wa kijivu anayeishi kwenye vinamasi vya mafunjo, kuanzia Sudan Kusini na Uganda hadi Zambia. Kwetu yuko Malagarasi na Muyovozi, kule magharibi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000.

Mkono wa kwanza unanyooka. "Mwalimu, analiwa?"

Tunamchora sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyake: kimo mita 1.2, mabawa yakikunjuliwa mita 2.4. Wanapokezana kulala juu yake kujipima. Kisha tunasimama. Ndege huyu husimama majini bila kutikisika kwa muda mrefu akimvizia samaki kama kamongo au kambale, halafu humwangukia kwa mwili mzima, mdomo mbele. Atakayejitikisa anatoka. Aliyebaki wa mwisho ni yule mtoto ambaye walimu wenzangu hunilalamikia kila wiki kwamba hatulii!

Nimeshasikiliza masomo mengi ya wanyama adimu yanayoanza kwa kilio na kuisha kwa kilio: wamebaki wachache, tuwaonee huruma. Watoto hawashiki kitu. Mimi naanzia nyumbani kwake. Jua likiwaka, mzazi huchota maji kwa mdomo ule na kuwamwagia mayai na makinda wapoe. Hilo wanalipenda. Mayai kwa kawaida ni mawili, lakini kinda anayekua huwa mmoja, kwa sababu mkubwa humdonoa mdogo na kumnyima chakula. "Si haki!" Mapacha wa dawati la mbele wakatazamana.

Ndipo nikataja idadi: waliokomaa wanakadiriwa kuwa kati ya 3,300 na 5,300 duniani kote. Mabwawa yanakaushwa, mafunjo yanachomwa moto, ng'ombe wanaingizwa kwenye mazalia. Na makinda yanaibwa. Kengele ikanikatiza hapo hapo.

Saa 10 jioni, klabu ya mazingira, tunashuka ghubani. Leo ni maji mafu, bahari imetoka kidogo tu, kwa hiyo ndege wamebanana kwenye tope karibu na mikoko: yangeyange, sululu, korongo mmoja wa kijivu. Korongo wetu walimdharau. Mwembamba mno, wakasema, na mdomo wake hauna kitu.

Nikarudi kwenye makinda. Kule Bangweulu, Zambia, yalikuwa yakitolewa viotani na kuuzwa kwa wafuga ndege wa nje. Siku hizi wavuvi wa palepale wanalipwa kulinda viota. Nikauliza: wewe umekuta kinda, mgeni anakupa hela, utafanyaje?

"Namuuza," akajibu kijana mmoja bila kupepesa. Wenzake wakamzomea. Nikawanyamazisha, maana wengi wao wangefanya vilevile, na nyumbani hela ya sare inatafutwa kwa shida. Nikamwuliza, na mwaka ujao utauza nini? Akafikiri. Binti mmoja, ambaye mama yake huchokoa pweza, akamjibia: "Ni kama wanaofunga mwamba. Miezi mitatu humgusi pweza, ukifunguliwa unamkuta mkubwa." Lile la kufunga miamba, ambalo baadhi ya vijiji vya pwani wanafanya, halikuwa kwenye andalio langu la somo. Yule kijana akakubali nusu: angalau yule mvuvi wa Zambia analipwa, akasema, si kwamba ana roho nzuri tu. Sikuwa na la kumbishia.

Saa 12, nyumbani. Samaki wa nazi, kuoga.

Saa 2 usiku naandika andalio la kesho, simu inalia. Sauti ya mzazi kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: "Mwalimu, shikamoo. Samahani, huyu mwanao nimemtuma maji tangu magharibi, amesimama uani na ndoo hataki kusogea, anasema anavizia kamongo. Hebu mwambie wewe mwenyewe amalize."